Tamthilia Isiyokuwa Kwenye Ratiba: Redio na Hofu Mjini Jinja, 1964–1979

Wanaoandika historia ya michezo ya redio huanza na Marekani, na wana haki. Tangu 1942 hadi 1962 kituo cha CBS kilirusha mfululizo ulioitwa Suspense, na mchezo wake uliovuma kuliko yote ni Sorry, Wrong Number wa Lucille Fletcher, uliosikika kwanza mwaka 1943. Ndani yake hamna mzimu wala jini. Yupo mwanamke mgonjwa kitandani, ipo simu iliyoingiliana na mazungumzo ya watu wengine, na wapo wanaume wawili wanaopanga kuua mtu usiku uleule. Msikilizaji huanza kushuku, mapema kuliko mama yule, kwamba anayepangiwa kifo ni yeye. Haonyeshwi kitu. Anaachiwa sauti, ukimya na saa inayokwenda, kisha akili yake mwenyewe inamaliza kazi. Sasa mtu akiitafuta kazi ya namna hiyo katika Radio Uganda ya miaka ya 1960 na 1970, akitaka kujua watu wa Jinja na Mbale walitishwa na mchezo gani, atarudi mikono mitupu. Kilichopendwa kilikuwa vichekesho na maigizo ya maisha ya nyumbani, na linalotajwa zaidi ni Wokulira, mfululizo wa Kiganda wa Wycliffe Kiyingi.

Hapo ndipo wengi hukata shauri kwamba zama za redio ya hofu zilitupita kando. Mimi naona zilikaa kwetu miaka kumi na mitano, ila tumezitafuta penye ratiba ya michezo wakati zilikuwa kwenye taarifa ya habari na kwenye matangazo ya serikali. Kila chombo ambacho waandishi wa New York walikitumia kumtisha msikilizaji, yaani sauti isiyo na uso, habari inayocheleweshwa, muziki unaokatika ghafla, jina linalosubiriwa, kilitumika pia Kampala. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewahi kusema kwamba huu ni mchezo. Na kwa kuwa nafasi ya hofu ilikwisha kujaa, mwandishi wa tamthilia aliyetaka kupendwa aliona heri awachekeshe watu.

Jinja ni mahali pazuri pa kuipimia hoja hii kuliko hata Kampala. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954, na mji uliokuwa bandari ya pamba ukageuka mji wa viwanda: nguo za Nyanza Textile, ambayo watu waliiita Nytil, shaba ya Kilembe iliyokuja kuyeyushwa huku, sukari ya Madhvani kule Kakira. Kazi ziliwaleta Wasoga wa vijijini, Wagisu, Wateso, Wasamia, Wajaluo kutoka Kenya, na wengi wao wakakaa Walukuba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Mbele ya mashine na kambini Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mshahara wa mwezi ulinunua redio, na aliyekuwa nayo hakusikiliza peke yake. Kuna aliyefahamu Kiingereza, akaipata habari kwanza na kuwafasiria wengine. Kuna aliyengoja zamu ya Kiganda. Kuna wa Kigisu na Kiteso ambaye lugha yake ilipewa dakika chache. Habari moja ilifunuliwa kipande baada ya kipande ndani ya ua mmoja. Tena umeme uliorusha sauti ya Kampala ulitoka Jinja yenyewe, jambo ambalo wahandisi walilijua na ambalo wanajeshi nao hawakulisahau.

Mwaka wa kuanzia ni 1964. Tarehe 12 Januari serikali ya Sultani wa Zanzibar iliangushwa, na sauti iliyotawala redio ya Unguja siku zile ilikuwa ya mtu aliyezaliwa Lango, kaskazini mwa Uganda: John Okello, fundi na kibarua aliyejipa cheo cha Field Marshal. Hotuba zake zimebaki katika kumbukumbu za pwani kwa vitisho vilivyopita kiasi, adhabu za kikatili za kufikirika na hesabu za askari na silaha ambazo visiwa vyenye watu kama laki tatu visingeweza kuzibeba. Wasikilizaji wengi hawakuwa wamewahi kumwona. Ndiyo maana alifaulu. Mtu wa kawaida, kwa Kiswahili kilichokuwa na lafudhi ya bara, alijitungia mhusika kwenye kipaza sauti na mhusika huyo akawatorosha watu majumbani mwao. Siku nane baadaye askari wa Colito, Dar es Salaam, wakaasi. Tarehe 23 Januari zamu ikawa ya kambi ya Jinja. Waziri Felix Onama, aliyekwenda kusikiliza madai ya mishahara, alizuiliwa na askari mpaka akakubali. Tarehe 25 alfajiri Waingereza walioletwa kutoka Kenya kwa ombi la Waziri Mkuu Obote waliizingira kambi, na mambo yakatulia bila vita. Sidai kwamba Okello ndiye aliyewaasisha askari wa Jinja. Madai yao yalikuwa ya tumbo na vyeo. Lakini ndani ya siku kumi na moja redio ilikuwa imewaonyesha watu wa Afrika Mashariki kwamba serikali ni kitu kinachoweza kuanguka kati ya taarifa moja na nyingine. Baada ya somo hilo hakuna aliyesikiliza muziki wa redio kwa masikio yaleyale.

Somo lilithibitishwa tarehe 25 Januari 1971. Obote, sasa akiwa Rais, alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Alasiri, askari aitwaye Wilfred Aswa alisoma Radio Uganda sababu kumi na nane za jeshi kuchukua madaraka. Aliyesomewa hakumjua msomaji, na msomaji hakuwa mtawala; jina la mtawala mpya, Idi Amin, lilikuja mwishoni. Mwandishi wa michezo angesema ni ufundi wa kumchelewesha mhusika mkuu. Walioandaa karatasi ile hawakuwa wakifikiria ufundi, bila shaka, lakini matokeo kwa msikilizaji ni yaleyale.

Mwaka uliofuata Jinja ilipata sehemu yake kubwa. Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa Tororo, Amin aliwaambia askari kwamba Wahindi wataondoka, na redio ikalipeleka neno hilo nchi nzima. Ndoto ilitajwa kuwa chanzo, na muda ukawa siku 90. Kuanzia hapo kila tangazo lilibadilisha orodha. Kwanza walitajwa wenye pasi za Uingereza, kisha wa India, Pakistan na Bangladesh wakaongezwa, kisha ikasemwa hata raia wa Uganda wataondoka, kisha hilo likarudishwa nyuma, kisha hati za uraia zikaanza kuhakikiwa upya na wengi wakakataliwa. Mtu wa Barabara Kuu ya Jinja, ambaye babu yake alichora jina la ukoo na mwaka wa ujenzi juu ya paji la duka, alilazimika kusikiliza leo ili ajue kama yeye wa jana bado ni yeye. Majina yale ya saruji yangali yanasomeka barabarani. Manubhai Madhvani, ambaye mashamba yake yaliwalisha maelfu ya watu Kakira, aliwekwa kizuizini Makindye kabla ya kuondoka. Tarehe 8 Novemba muda ulikwisha.

Baada ya hapo redio ikawa ofisi. Mawaziri na maofisa walijua kwa taarifa ya habari kwamba wameachishwa kazi. Elizabeth Bagaya, Waziri wa Mambo ya Nje, ni mmoja wa waliofukuzwa hadharani mwaka 1974, tena kwa tuhuma za aibu. Tukio linaloonyesha vizuri zaidi ninachokisema, hata hivyo, ni la Machi mwaka huohuo, na limeigusa Busoga, eneo ilipo Jinja, moja kwa moja. Radio Uganda ilitangaza kwamba Rais amewapa talaka wake zake watatu, Malyamu, Nora na Kay. Malyamu alikuwa binti wa Kibedi, Msoga, na kaka yake Wanume Kibedi alikuwa waziri wa mambo ya nje mpaka mwaka uliotangulia. Fikiri jinsi tangazo hilo lilivyopokelewa kwenye nyumba za Jinja na Iganga. Talaka katika mila zetu ina mashahidi, ina wazee, ina mahari ya kujadiliwa, ina siku ya kumrudisha mwanamke kwao. Hapa yote yalifupishwa kuwa sentensi ya mtangazaji, na jamaa wa binti wakaipata wakati mmoja na mpishi wa kambi. Mwezi mmoja baadaye Malyamu alikamatwa Tororo kwa madai ya kuvusha kitambaa kwenda Kenya. Agosti mwili wa Kay ulipatikana umekatwakatwa. Wasikilizaji hawakuhitaji kuambiwa wayaunganishe matukio hayo. Sikio lililofundishwa kungoja sehemu inayofuata huyaunganisha lenyewe, liwe sahihi au limekosea.

Hapa nitapingwa kwamba kuyaita haya tamthilia ni kuyadharau maumivu ya watu. Pingamizi ni zito, nami silikwepi. Henry Kyemba, mzaliwa wa Busoga aliyekuwa waziri wa afya kabla ya kukimbia mwaka 1977, ameandika kuhusu maiti zilizoelea Owen Falls, na hakuna neno la sanaa linaloweza kukaa karibu na jambo hilo. Ila neno tamthilia hapa linamhusu aliyetangaza, halimhusu aliyeumizwa. Aliyetangaza alichagua saa, alichagua cha kusema na cha kuficha, alichagua sauti tulivu ya kusomea habari ya kutisha. Tukiacha kulitaja hilo kwa kuwaonea huruma waliofikwa, tunamwachia mtangazaji kisingizio kwamba alikuwa akipasha habari tu.

Februari 1977 inaonyesha uchaguzi huo waziwazi. Tarehe 16 Askofu Mkuu Janani Luwum na viongozi wengine waliletwa mbele ya askari na wanadiplomasia Kampala, silaha zikaanikwa, maungamo yakasomwa, na askari wakaitikia kwa kelele kwamba wauawe. Siku iliyofuata ikatangazwa kwamba askofu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Oboth-Ofumbi alikuwa mtu wa Tororo, mwendo mfupi kutoka Mbale. Kwa watu wa mashariki huyu hakuwa jina la gazetini tu. Tangazo lilikuwa fupi, sanifu, na karibu kila mtu mzima aliyelisikia alijua ni uongo. Lakini kuijua kweli ni jambo moja na kuionyesha usoni ni jingine. Katika ua lenye jirani usiyemjua vizuri, enzi za majasusi wa State Research Bureau, kila msikilizaji alikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuusikia uongo ndani ya sauti, na kuutunza uso wake usionyeshe kwamba ameusikia. Michezo ya CBS haikuwahi kumdai msikilizaji wake namna hiyo. Mtu wa Chicago aliruhusiwa kupiga kelele.

Kuna wanaosema hoja yangu inajipinga: Wamarekani wenyewe walitunga Suspense wakati wa vita vya pili vya dunia, kwa hiyo hofu ya kweli huzalisha hofu ya kubuni, haiizimi. Ni kweli kwamba walikuwa vitani. Lakini vita ilikuwa ng'ambo ya bahari, na mchezo ulikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea, yaani jina la mfululizo, tangazo la biashara, muziki wa kufungia. Watu walijiachia kuogopa kwa sababu walijua dakika ya thelathini watarudishwa nyumbani. Orson Welles alipouficha mlango huo kwa muda mwaka 1938, akaigiza uvamizi wa kutoka Mars kwa mtindo wa taarifa za habari, baadhi ya waliofungulia redio katikati waliogopa kwelikweli, ingawa magazeti yaliikuza hofu hiyo mno. Mchezo mmoja wenye mlango uliofichwa ulitosha kuwa kashfa ya taifa. Jinja mlango haukuwepo kabisa kwa miaka minane. Sioni ni kwa nini mtu anayetoka kusikiliza tangazo la ajali ya Luwum angetaka kufungulia mchezo wa mauaji.

Pingamizi la tatu ni la watu wa kazi, na lina uzito kuliko yote: kwamba sababu halisi ni lugha na fedha. Kituo kilichogawa hewa kwa lugha zaidi ya kumi hakiwezi kumpa mwandishi wa Kisoga au wa Kigisu nusu saa ya kila wiki kwa mwaka mzima, na hofu ya kisaikolojia inahitaji muda wa kupikwa. Nakubali sehemu ya kwanza. Msikilizaji wa Mbale mara nyingi alipata mchezo kwa lugha ya jirani, au alifuata Kiswahili cha Sauti ya Kenya kutoka ng'ambo ya mpaka. Sehemu ya pili siikubali, kwa kuwa waandishi waliokuwa na uwezo huo walikuwepo, na tunajua walikwenda wapi. Jagjit Singh aliupeleka mchezo wake wa redio BBC, London, ukachapishwa na Heinemann mwaka 1973 pamoja na michezo mingine ya Afrika. Robert Serumaga, aliyewahi kufanya kazi ya redio London na ambaye tamthilia yake ya 1967, A Play, ni uchunguzi wa dhamiri ya mume aliyefiwa na mke, aliporudi hakuipeleka akili hiyo kwenye kipaza sauti cha taifa. Katikati ya miaka ya 1970 alitoa Amayirikiti, kazi ya miili na sauti isiyo na mazungumzo, ambayo mkaguzi hakupata sentensi ya kuikamata. Nalichukulia hilo kuwa ushahidi wenye nguvu. Mtaalamu wa hofu aliyaacha maneno wakati uleule serikali ilipoyashika yote. Na Byron Kawadwa, aliyeiongoza National Theatre, aliuawa mwaka 1977 baada ya tamthilia yake kuonyeshwa kwenye tamasha la FESTAC Lagos.

Kuna mwanahistoria ambaye ushahidi wake unanitaka nipunguze ukali, naye ni Derek Peterson. Pamoja na Edgar Taylor ameonyesha kwamba redio ya Amin ilikuwa pia ya kuhimiza: ilitoa amri kwa makundi ya watu, wakulima, wafanyabiashara, machifu, nao wengi waliitikia kwa bidii, wakijiona wametajwa na taifa kwa mara ya kwanza. Hilo ni kweli, na Jinja inalithibitisha. Baada ya Novemba 1972 maduka na viwanda viligawiwa, na waliopewa, ambao watu waliwabandika jina la mafuta mingi, waliisikiliza redio kwa matumaini. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa, na mfanyakazi wa Walukuba akasikia lugha ya kazini kwake ikipanda cheo. Lakini matumaini hayaivunji hoja ya hofu, ndiyo yaliyoilisha. Redio inayotishia tu huzimwa. Redio ambayo leo inaweza kukupa duka na kesho kumtaja mjomba wako haizimwi, na sauti yake hupunguzwa tu wageni wanapoingia.

Mwisho wa kipindi hiki ulikuwa na mpangilio ambao mtunzi yeyote angeuonea wivu. Tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yakiwa Kampala, Luteni Kanali David Oyite-Ojok alitangaza Radio Uganda kwamba serikali ya Amin imeanguka. Kampala ilishangilia. Jinja haikuweza. Askari wa Amin walikuwa wakirudi nyuma kwa kupitia mjini, yeye mwenyewe akiwa amekimbilia mashariki, na bwawa lilikuwa bado mikononi mwao, kukiwa na hofu kwamba wangelivunja. Kwa siku kumi na moja watu waliishi ndani ya pengo kati ya kilichotangazwa na kilichokuwa barabarani: redio ikisema serikali haipo, na bunduki za serikali hiyo zikipita mbele ya dirisha. Kushangilia mapema kungeua. Kunyamaza kupita kiasi kungekumbukwa baadaye. Majeshi ya Tanzania yaliingia tarehe 22 Aprili na kulikuta bwawa zima, kisha yakaendelea na safari ya mashariki kuelekea Tororo na Mbale.

Yaliyofuata ni hadithi nyingine na sitaikalia. Stesheni binafsi zilianza Kampala mwaka 1993, zikafika Jinja na Mbale, na michezo ya redio ikarudi ikiwa na wafadhili na ujumbe wa afya. Mwaka huohuo wa 1993 Radio Tanzania ilianza Twende na Wakati, ambamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju alikwenda hatua kwa hatua mpaka UKIMWI ukampata, na wasikilizaji wakamfuatilia kwa wasiwasi mkubwa. Hofu yenye mlango wa kutokea ilikuwa imepata nafasi tena. Ninalolitaka ni dogo zaidi. Mwaka 2015 shirika la UBC lilipata kwenye makabati yake filamu za picha zipatazo 70,000, zikiwemo za enzi za Amin, na zilipoonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mwaka 2019 watu walikwenda kujitafuta na kuwatafuta jamaa zao. Usikilizaji hauna filamu. Unakaa vichwani mwa watu ambao sasa wana miaka sabini na themanini, Walukuba na Mpumudde kule Jinja, Namatala kule Mbale, na kwenye miteremko ya Elgon. Anayewafuata kuandika historia ya redio asiishie kuwauliza walipenda kipindi gani. Awaulize nani alikaa nao, nani alifasiri, nani alikuwa wa kwanza kuinuka, na baada ya tangazo kuisha walisema nini kwa sauti.